Mama Nyamizi wa Ngokolo, Aliyebeba Maji Mwenyewe

"Nilikuomba mtoto mmoja, Melania. Hukuniambia anakuja na kambi nzima."

Hayo aliniambia marehemu dada yangu, Euphrasia Sitta, Jumanne tarehe 8 Machi 1949, akiwa amesimama mlangoni kwake hapa Ngokolo, mikono kiunoni. Ndani, kwenye viti kumi na viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia isipokuwa Padri, walikuwa wameketi wapakiaji wawili wa lori, mama muuza ugoro, na fundi baiskeli aliyekuwa bado ameshika mnyororo wenye grisi. Wote walikuwa wageni wa Nyamizi, binti wa marehemu mdogo wetu Onesmo. Nyamizi alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa na siku tatu tu tangu aingie Shinyanga.

Nitafika huko. Kwanza nieleze alikotoka marehemu, kama inavyotakiwa.

Marehemu Euphrasia alizaliwa Mhunze mwaka 1910, mtoto wa kwanza wa mzee Sitta Malongo na mama Kabula. Tulizaliwa watatu: yeye, mimi, na Onesmo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1920 hadi 1924, akamaliza darasa la nne. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Alimwambia mwalimu hivyo hivyo, akachapwa, na hakubadilisha maneno.

Baada ya shule alijifunza cherehani kwa masista, na kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Wanawake wengi mliopo hapa mliolewa kwa gauni alilolishona yeye. Baadhi yenu mlifumuliwa mishono mara mbili mkiwa mmesimama, kwa sababu alikuwa hapendi kazi ya ovyo.

Tarehe 24 Oktoba 1931 alifunga ndoa na Bwana Bartholomeo Lugwisha, aliyekuwa akinunua ng'ombe minadani na kuwapeleka machimboni Geita. Biashara ilikubali. Wakajenga nyumba ya bati yenye sakafu ya sementi, wakaagiza saa ya ukutani na vile viti kupitia duka la Bwana Kanji. Walichokosa ni mtoto. Miaka ikapita, wenzake wakaitwa Mama Fulani na Mama Fulani, yeye akabaki kuitwa Mke wa Bartholomeo. Wasio na adabu walimwita Bibi Viti. Alikuwa akisikia.

Onesmo alifariki Geita Desemba 1948 kwa ugonjwa wa kifua. Mke wake alikuwa ametangulia. Binti yao alibaki kambini akiwapikia wachimbaji, kazi aliyoianza akiwa na miaka kumi. Mimi ndiye niliyemfuata nikamleta kwa shangazi yake. Alikuwa anajua kutukana kwa lugha nne na kutambua dhahabu ya kweli kwa kuitazama tu. Alimwita Bwana Bartholomeo "bosi." Alipotumwa chumvi kwa Kanji alibishania bei mpaka mzee wa watu akaleta ujumbe kwamba safari nyingine atumwe mtu mwingine. Shangazi yake alimfundisha kupiga goti na kusema shikamoo. Alipiga goti kweli, akamwamkia hata fundi baiskeli, akamkaribisha ndani akae.

Kwa mwaka mzima na zaidi marehemu alikuwa akiniletea barua kwamba nije nimchukue. Mwisho wa kila barua aliandika kwamba nisije wiki hii, mtoto ana mafua.

Sasa naomba mnisikilize, maana hili dada yangu mwenyewe alitaka lisemwe.

Kwetu hapa msiba ni kazi ya mikono. Mwanamke anafika na mtungi wake wa maji na mzigo wake wa kuni. Euphrasia, kwa kuwa Mungu alimjalia, alikuwa akimtuma kijana wa dukani kwa Kanji apeleke debe la unga. Debe zima, wakati wengine wanaleta kibaba. Alijua kwamba anatoa kuliko wote, na alilala akijua hivyo. Wanawake wa Ngokolo waliupokea unga, wakausonga, wakaula, na wakahesabu misiba ambayo yeye mwenyewe hakuonekana.

Jumatatu tarehe 14 Agosti 1950, asubuhi, mama mkwe wake, Bibi Minza, alifariki katika nyumba ile. Marehemu alivitoa viti vyote kumi na viwili uani, akavipanga, akangoja. Saa nne hakuna mtu. Saa sita hakuna mtu. Nilikuwepo. Wanaume walikuja kuchimba kaburi kwa heshima ya Bwana Bartholomeo, lakini hakuna mwanamke aliyevuka ua. Mwili wa bibi ulikuwa ndani, na hapakuwa na maji ya kuuosha.

Nyamizi hakumuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Paskazia, kiongozi wa wanawake wa misiba, akapiga goti vizuri kama alivyofundishwa, akamuuliza kosa la shangazi yake ni lipi na adhabu yake ni kiasi gani, waipunguze. Mama Paskazia alimjibu kwamba kosa ni unga. Mbuzi mmoja, na leo abebe maji mwenyewe. Mbuzi anaweza kupungua, alisema, maji hayapungui.

Aliporudi na majibu hayo, marehemu alikataa. Mbuzi watachukua hata watatu, alisema, lakini yeye hatapita barabarani na mtungi kichwani kama anayetafuta kibarua.

Nyamizi akamwambia, "Shangazi, baba alizikwa Geita na watu wasiojua hata anatokea kijiji gani. Walimwosha. Wewe umekaa hapa miaka kumi na tisa, na bibi hana maji."

Nilidhani atampiga kofi. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akauchukua mtungi.

Mtu aliyemwona siku ile hatasahau. Alikuwa hajabeba maji tangu Mhunze. Aliushika kwa mikono miwili na bado nusu ikammwagikia, akapita katikati ya barabara ameloa mpaka miguuni, macho mbele. Nyamizi alitembea nyuma yake akicheka waziwazi, na marehemu akamwambia bila kugeuka, "Cheka, mwanangu, ila zamu yako ikija usimwage."

Safari ya kwanza watu walitazama. Safari ya pili, muuza ugoro alitoka kwake na mtungi. Safari ya tatu walikuwa wanawake ishirini, na Mama Paskazia mbele na kuni.

Tangu siku ile hakukosa msiba. Viti vyake vilibebwa vichwani mpaka kila ua wa Ngokolo, na vilivyovunjika hakuvidai. Na watu wakaanza kumwita Mama Nyamizi. Alikuwa akiitika kabla hamjamaliza kuita.

Nyamizi alipelekwa shule ya masista akiwa mkubwa kuliko wote darasani, akamaliza, na tangu mwaka 1956 ni mwalimu.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Novemba 1958. Alitibiwa hapa Shinyanga na baadaye Mwanza, akaambiwa ni moyo. Aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 18 Julai 1959, saa nne asubuhi. Kufikia saa tano mitungi ilikuwa imejaa ua mzima, na wengine walirudishwa na maji yao.

Ameacha mume, Bwana Bartholomeo. Mdogo wake, mimi Melania. Binti yake, Mwalimu Nyamizi, na mume wake Thobias. Na wajukuu wawili, Serafina na Donatus.

Limebaki jambo moja. Mwaka 1957 Mama Paskazia alimtoza marehemu kuku mmoja kwa kuchelewa msibani. Marehemu alikataa, akisema saa yake ya ukutani ilionyesha amewahi, na Mama Paskazia akasema jua lilionyesha vingine. Walibishana miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa. Wiki iliyopita, kitandani, marehemu alimwita Nyamizi akamwambia, "Mpelekee Paskazia kuku wake. Lakini mwambie saa yangu ilikuwa sawa."

Leo asubuhi Nyamizi amempeleka, jike jeusi, na ujumbe wake kamili. Mama Paskazia amempokea, amefuta macho, amesema dada yangu alikuwa mbishi, na amemchinja kwa ajili yenu. Mtamla mkitoka makaburini.

Mungu ampe dada yetu pumziko lenye amani.