Mama Kemilembe wa Nyabiyonza, Aliyeandika Vifo vya Kwenye Runinga

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Nyabiyonza, na ninyi mliotoka Kaisho, Kibingo na mbali zaidi, shikamooni wakubwa, na wengine wote poleni sana. Mimi ni Projest, mtoto wa mdogo wake Mzee Jovin Kashaija, kwa hiyo marehemu alikuwa mama yangu mkubwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Naomba mnivumilie, kwa sababu ndani yake kuna sehemu ambayo kwa kawaida haisomwi msibani, lakini yeye mwenyewe aliagiza isomwe, akaniapisha mbele ya binti yake, nami sina pa kukimbilia.

Marehemu Annegret Lindner Kashaija, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kemilembe, alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, katika mji wa Gelsenkirchen, nchini Ujerumani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Bwana Otto Lindner, mchimba makaa ya mawe, na Bi. Hedwig, fundi cherehani. Baba yake alifia mgodini mwaka 1957, marehemu akiwa na miaka minane, na alikuwa akitusimulia kwamba watu waliokuja kuwapa pole walikaa kimya, wakanywa kahawa, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyemweleza mtoto ni nini kilichompata baba yake. Uchungu huo aliubeba maisha yake yote, na nawaomba mkumbuke kwamba kwake yeye kunyamaza mbele ya kifo kulikuwa ukatili, na kuuliza kulikuwa upendo.

Kuhusu elimu, alianza shule ya msingi mwaka 1955 hapo hapo Gelsenkirchen, akamaliza sekondari mwaka 1968, akajiunga na chuo kikuu mjini Köln kusomea sheria, masomo ambayo aliyaacha mwaka wa tatu kwa sababu, kama alivyopenda kusema, alipenda kesi kuliko vifungu. Mwaka 1971 aliajiriwa na gazeti moja la huko kuandika habari za mahakamani, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1978, na Novemba 1979 mchezo wake wa kwanza wa upelelezi ulionyeshwa kwenye runinga ya Ujerumani, ukapendwa, akaombwa mwingine, na tangu hapo hakufanya kazi nyingine. Mpelelezi aliyemtunga, Inspekta Marga Thiel, alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa bunduki, ambaye akifika penye maiti huenda kwanza jikoni, akauliza marehemu alikula nini, nani alipika, nani alikaa naye, nani aliosha vyombo, na kutoka hapo muuaji hujulikana. Wajerumani walimpenda Inspekta huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, wakamtunuku marehemu tuzo mbili, ambazo sisi wana Nyabiyonza tumezifahamu kama vile vyuma viwili vya kuzuia mlango wa stoo ya kahawa.

Ndoa yake ilitokana na sumu, na hili halina ubaya, mwenyewe alikuwa akilisimulia kwa kicheko. Mwaka 1981 alikuwa anaandika mchezo ambamo mtu anauawa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, akapiga simu chuo cha kilimo kutafuta mtaalamu wa kumwelewesha, akaunganishwa na mwanafunzi mmoja kutoka Karagwe, naye ndiye Mzee Jovin, aliyemjibu kwa upole kwamba dawa hiyo inanuka mno, hakuna mtu wa kwao ambaye angeinywa bila kujua, labda awe mgeni. Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1983 mjini Köln, wakaja kubarikiwa hapa usharikani kwetu Desemba 1984, na tarehe 3 Mei 1985 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Kemilembe, ambaye tunaye hapa, na ambaye naye ana watoto wawili.

Mwaka 2004 Mzee Jovin alistaafu, wakahamia moja kwa moja kwenye kibanja hiki cha migomba tulichokaa sasa. Marehemu aliendelea na kazi yake kutoka hapa, akiandika asubuhi barazani kwa umeme wa jua, mchana akipalilia kahawa na wanawake wenzake, akajifunza Kiswahili na Kinyambo cha kumtosha kuomba chumvi na kugombana na mbuzi wa watu. Mlipomuuliza mzee mke wake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Anaua watu, na kwao wanampongeza," nasi tukacheka sana, tusijue kwamba ipo siku hatutacheka.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyoitaja. Tarehe 6 Agosti 2011, siku ya Jumamosi, jirani yetu na rafiki wa mzee, Bwana Rwezaura, alianguka baada ya chakula cha mchana, akafariki kabla ya jioni. Kesho yake marehemu alikwenda msibani, akaketi mkekani karibu na mjane, Mama Ainembabazi, akamshika mkono, na kwa moyo mweupe kabisa akamuuliza mume wake alikula nini, saa ngapi, nani alipika, nani aliosha vyombo. Mama Ainembabazi, akilia, akajibu yote kwa ukweli, kwamba alikula ndizi na maharage, kwamba amepika yeye, kwamba ameosha yeye.

Ndugu zangu, kwetu mtu akikupa rubisi, pombe yetu ya ndizi, au uji huonja kwanza yeye mwenyewe ndipo akukabidhi, ili usiwe na wasiwasi, kwa hiyo ukimuuliza mjane mbele ya watu nani alimpa marehemu chakula, wewe hujauliza, wewe umenyoosha kidole. Tena aliyeuliza ni mama aliyejulikana kuwa bingwa wa kutambua wauaji kwenye runinga ya Ulaya, na wote waliokuwa pale mkekani wakageuza shingo. Mganga wa zahanati alieleza kwamba ni presha, na kwamba Rwezaura alikuwa ameacha dawa tangu Pasaka, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kuanzia siku ile hapakuwa na mtu wa kupokea kikombe mkononi mwa Mama Ainembabazi, mashemeji wakamtenga, na mwezi wa kumi akafukuzwa kwenye kibanja alichokilima miaka ishirini, akaenda kuishi kwa kaka yake Kibingo.

Marehemu hakujua, alidhani jirani yake amekwenda kwa ndugu zake kupumzisha moyo, mpaka Januari 2013 Mzee Jovin aliposhindwa kuendelea kumficha. Alilia hapa uani tukashindwa kumnyamazisha. Kesho yake alipanda bodaboda hadi Kibingo kuomba msamaha, na Mama Ainembabazi akamwambia, "Mama Kemilembe, wewe uliuliza tu, waliojibu ni wengine." Aliporudi, mchezo aliokuwa ameufikisha katikati hakuumaliza, akawaandikia wenye kituo kwamba Inspekta Marga Thiel amestaafu, na tangu siku hiyo hakuandika tena. Alikwenda kwa wazee wa ukoo wa Rwezaura mara nyingi, akaeleza, akasihi, wakampa kiti, wakampa kahawa ya kutafuna, wakamwambia watalitazama. Hawakulitazama. Mzee Jovin alifariki tarehe 21 Juni 2016, akazikwa hapa pembeni, na hata katika msiba ule Mama Ainembabazi alisimama nyuma kabisa, akaondoka bila kula.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aliagiza tarehe zisomwe polepole, nami nazisoma polepole. Tarehe 12 Februari 2024 alianza kulalamika tumbo na mgongo. Tarehe 4 Machi alilazwa hospitali ya wilaya, tarehe 11 akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, na tarehe 19 Machi 2024 madaktari wakagundua saratani ya kongosho, ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye ini, wakatueleza kwamba imebaki miezi michache. Kemilembe alifika tarehe 25 Machi akitaka kumrudisha Ujerumani, marehemu akakataa, akasema amekwisha kuwa na kaburi lake karibu na mume wake.

Tarehe 9 Mei alinituma Kibingo nikamwombe Mama Ainembabazi aje amlishe, kwa sababu chakula cha wengine wote kilikuwa kinamshinda, au labda alisema hivyo tu. Mama Ainembabazi alikataa. Aliniambia, "Projest mwanangu, akifia mkononi mwangu, nitakimbilia wapi tena?" Nilirudi na jibu hilo, marehemu akalisikiliza, kisha akasema, mwambie nitazitaja tarehe, watu wote watasikia kwamba kifo kilifika kwangu kabla yake. Ndiyo maana Mama Ainembabazi alikubali, na alifika hapa tarehe 1 Juni 2024. Saratani ilijulikana tarehe 19 Machi. Mwenye masikio amesikia.

Kuanzia hapo marehemu alikula kwa mkono wa Mama Ainembabazi tu. Mwanzoni Mama Ainembabazi alionja kila kikombe kabla ya kumpa, marehemu akamkataza, naye akaendelea kuonja, wakabishana kila asubuhi, hadi siku moja katikati ya Julai akamkabidhi uji bila kuugusa, na marehemu akaupokea kwa mikono miwili, akaunywa wote, ingawa kwa hali yake siku hizo alikuwa hamalizi hata nusu ya kikombe. Mimi nilikuwepo, nikatoka nje kulia.

Alifariki Jumanne tarehe 27 Agosti 2024, saa moja asubuhi, kitandani kwake, Kemilembe akiwa upande mmoja na Mama Ainembabazi upande wa pili. Na kwa kuwa yeye angeuliza, nami nisiwaache muulizane njiani, jioni ya tarehe 26 alikula uji wa ulezi wenye maziwa, ulipikwa na Mama Ainembabazi, vyombo aliosha Kemilembe, na marehemu aliomba aongezewe kidogo, akaongezewa.

Familia inamshukuru Dkt. Twizeyimana na wauguzi wote waliompunguzia maumivu, madaktari wa Mwanza waliotuambia ukweli, mchungaji na wanakwaya, kikundi chetu cha kuzikana kilichokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa runinga huko Ujerumani, ambao wameandika kwamba walijifunza kwake kuwasikiliza watu. Tunamshukuru pia Mzee Polikarpi, mdogo wake Bwana Rwezaura, nimemwona ameketi pale mbele, na ujio wake hatukuutegemea.

Shukrani ya mwisho ni kwa Mama Ainembabazi, ambaye tangu jana amekuwa jikoni. Baada ya mazishi kuna ndizi, maharage na nyama, amepika yeye, na ndiye atakayepakua. Tulijadiliana kama sisi wana familia tuonje kwanza mbele yenu, Kemilembe akakataa, akasema mama yake aliacha kuonjewa, hatutaanza upya leo. Kwa hiyo hakuna atakayeonja. Mama Ainembabazi atakukabidhi sahani, nawe utaipokea kama unavyopokea kwa mama mwingine yeyote, au utaondoka na njaa yako.

Mama mkubwa, tarehe zako nimezisoma zote. Pumzika sasa, na amani iwe kwako na kwake aliyekulisha.