Mama Taratibu na Binti wa Jibu Refu

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Dada yake mkubwa anasema alichelewa kuanza kusema, na alipoanza hakuna mwingine aliyepata nafasi.

Aliingia shule mwaka 1968 bila kujua neno hata moja la Kiingereza, na masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Akajifunza kucheka wenzake wakicheka na kuinama wakiinama. Mwaka mzima walimu walimsifu kwa utulivu, kumbe mtoto wa watu yuko gizani. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

Alihitimu ualimu mwaka 1984, akafundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani hawakukisikia. Aliwaacha kwanza wanong'onezane jibu kwa lugha ya nyumbani, ndipo wajaribu kwa Kiingereza. Akiuliza swali alikunja mikono na kusubiri, na ole wako umsaidie mwenzako kabla hajamaliza kufikiri. Maneno mengine aliyaigiza. Siku ya kufundisha kuanguka alipanda kiti, akaanguka kweli, akavunjika mkono. Neno hilo hakuna aliyelikosa. Wanafunzi walimwita Mama Taratibu. Walimu wenzake walilalamikia kelele.

Mwaka 1987 aliolewa na baba yetu, fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa za darasa lake. Baba alipomwomba amuoe, alikaa kimya mpaka kijana wa watu akaanza kufunga begi la vifaa.

"Sasa haraka ya nini?" mama akamwuliza. "Nimeshakubali. Natafuta tu namna nzuri ya kusema."

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2018. Daktari aliamuru apumzike, lakini darasani kulikuwa na binti mgeni ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aje, na mwalimu mkuu alitaka kumrudisha madarasa mawili nyuma. Mama aliomba aachiwe binti huyo hadi mwisho wa muhula. Alimketisha karibu na mropokaji mkuu wa darasa, akamruhusu ajibu kwa kuchora na kuonyesha kidole. Wiki ya mtihani wa kuzungumza, ambao mwalimu mkuu mwenyewe angeusimamia, mama akalazwa. Sisi tulihangaikia moyo wake. Yeye alimhangaikia mtoto yule.

Jioni ya tarehe 22 Novemba mwalimu mkuu alifika wodini.

"Ulimsubiri?" mama akauliza, hata salamu hajaitikia.

"Nilimsubiri, Mwalimu. Nikatazama saa, nikakohoa, nikasubiri tena. Mwisho nikainuka niondoke."

"Mkuu! Ukaondoka?"

"Ningeondokaje? Kaniambia kwa Kiingereza nikae, maana jibu lake ni refu. Basi, anabaki darasani kwako."

Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kututuliza. Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 24, na tunashukuru kwamba alizipata habari hizo akiwa hai.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na darasa la nne, ambalo leo limekuja lote. Binti yule ameomba kusema maneno machache hapa kaburini, mara nikimaliza kusoma. Tafadhali, asitokee mtu wa kumsaidia.

Lala kwa amani, mama yetu.