Nilivyoiua Kompyuta kwa Blanketi, na Mungu Akanifundisha Kujiandaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naanza na upumbavu wangu kabla majirani hawajanitangulia kuusimulia: mimi ndiye niliyeifunika kompyuta blanketi huku inawaka.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Kuku wangu wanatembea kuliko mimi. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitafuta kazi mijini. Mimi nikaomba kazi itakayonifuata sebuleni. Mungu si mchoyo, nikaipata: kuchapa na kuprinti. Ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za vikundi vya wakulima, vyote vilitoka kwenye kona yangu hapa Mgwashi, milimani kwenye baridi, nami nimevaa soksi na kitenge. Tangu baba watoto afariki, ni kompyuta hiyo iliyowavalisha wanangu sare za shule. Shamba dogo tulilo nalo linatosha mboga tu.

Kila asubuhi niliiwekea mikono nikaiombea ulinzi. Lakini kunakili kazi na kuziweka mahali pengine? Hata siku moja! Flashi nilikuwa nayo, ila ilijaa video za harusi ya binamu yangu, nami sikuwa na moyo wa kumfuta bibi harusi.

Basi usharika ukanipa kazi ya heshima: kitabu cha nyimbo za kwaya ya kina mama, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Nyingine ni za Kishambaa, zilizotungwa na bibi zetu, hazikuwa zimeandikwa popote ila kwenye vipande vya karatasi walivyoniletea kina mama. Nikazichapa zote. Vile vipande nikawashia moto. Msinitazame hivyo! Mnazijua kuni zetu wakati wa ukungu, bila karatasi haziwaki.

Na ukungu wa siku zile uliingia hadi ndani, kuta zikawa zinatoka jasho. Nikaionea kompyuta huruma. Nikaitupia blanketi langu la kulalia, lile zito, nikaenda jikoni kugeuza makande. Niliporudi, chumba chote kinanuka plastiki iliyoungua. Nikabonyeza, kimya. Nikaikemea kwa jina la Yesu. Ndugu zangu, hapakuwa na pepo pale. Palikuwa na blanketi.

Fundi wa Lushoto mjini akaifungua, akanusa.

"Mama, hii imekufa kwa joto. Unakaa wapi, Tanga?"

"Mgwashi."

Akaweka bisibisi chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akaniambia diski nayo imekwenda na kila kilichokuwamo.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kikundi kimoja cha wakulima kikahamishia kazi zake Bumbuli. Halafu akaja mwalimu wa kwaya, mzee wa watu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Nyimbo zetu ziko wapi?" Nikamweleza yote, hata blanketi. Akasema, "Binti yangu, sikukuu haiahirishwi. Zikikosekana, usharika hautakuletea tena hata tangazo." Na usharika ukiondoka, nani mwingine atabaki? Nilimwona mwanangu wa mwisho akivuta mkono wa sweta lake la shule, ambalo lilishakuwa fupi.

Nikapiga magoti. Sikuomba kompyuta ifufuke. Nilisema, "Bwana, nirudishie akili ulizonipa, maana nimezitunza mno hata sizitumii."

Nilikuwa bado sijasema amina nilipomsikia nje Mama Zuhura, jirani yangu, akigombana na dereva wa gari la nyanya. Mama Zuhura ni Mwislamu. Tumeazimana chumvi na makaa tangu tulipoolewa. Na kila karatasi niliyoprinti vibaya, hata zile za nyimbo, nilimpa yeye, atandike ndani ya matenga yake ya nyanya! Nikatoka mbio. Mimi, mbio!

"Mama Zuhura, mwaga nyanya!"

"Umerukwa na akili? Gari linaondoka!"

"Nyimbo za kwaya ziko chini ya nyanya!"

Akanitazama, akakaza kanga yake, akamgeukia dereva. "Zima gari." Kisha kwangu: "Kama hazimo, utazipanga nyanya hizi upya moja moja, wewe na kwaya yako yote."

Zilikuwamo! Nyekundu kwa maji ya nyanya, lakini zinasomeka. Haleluya! Chache zilikuwa zimekwishasafiri na mzigo uliotangulia, naamini zimewabariki watu wa sokoni. Hizo kina mama walikuja kuniimbia jikoni, nami nikaandika kwa mkono huku nikikatazwa kuimba, kwa sababu ninazojua. Dada mmoja mwenye duka la steshenari mjini akaniachia kompyuta yake nikachapa upya. Siku ya mavuno kitabu kilikuwa mikononi mwa kwaya.

Baadaye niliuza mbuzi, nikanunua kompyuta ya mtumba. Hapo ndipo nilipoamua, na sirudi nyuma! Bibi harusi nimemfuta. Kila jioni nanakili kazi kwenye flashi mbili: moja ipo kwangu, nyingine inalala kwa Mama Zuhura ndani ya kopo la majani ya chai, maana nyumba ikiungua haitachagua. Karatasi ya mteja haiguswi na kiberiti mpaka aipokee kazi yake. Na yule dada tumekubaliana: yangu ikifa, nahamia kwake siku hiyohiyo.

Tena kila mwezi naihesabu kompyuta kuwa marehemu. Naizima, nachukua flashi ya kwa jirani, napanda gari kwenda kuijaribu mjini kwa yule dada, mimi ninayechukia safari. Mara ya kwanza niliaibika: nilikuwa nimenakili vijipicha vya mafaili tu, ndani hamna kitu. Afadhali aibu ya mazoezi! Mwezi uliofuata kila kitu kilifunguka, tangu wimbo wa kwanza hadi barua ya mwisho ya wakulima. Nililia mbele ya wateja wa watu.

Ndugu zangu, mtegemeeni Bwana. Yeye hachoki kutuokoa, hata sisi tunaojichimbia mashimo wenyewe. Wewe mwenye cherehani, wewe mwenye mashine ya kusaga, wewe mwenye simu iliyobeba biashara yako yote: omba, kisha inuka ujiandae leo, chombo chako kingali kizima. Namshukuru Mungu, nalishukuru kanisa, namshukuru jirani yangu.

Siku ile kila kitu kilipofunguka, niliporudi kutoka mjini nilipitia moja kwa moja kwake, nikacheza mlangoni flashi ikiwa juu, haleluya kwa sauti yote. Mama Zuhura hakuinua hata macho kwenye nyanya alizokuwa akichagua. Akasema:

"Umeshukuru vya kutosha. Kwako kuna watu wamesimama na kazi zao tangu mchana, nenda ukazifanye."