Ubahili Ulioshikilia Benki Yetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Meneja wetu Bi Scolastica unayestaafu leo, ndugu wageni waalikwa, na nyie wafugaji wenzangu mliojazana nyuma kama hamkualikwa: mimi ni Malale, miaka themanini na mmoja. Vyama viwili vya ushirika vimekufa nikiviona, mbung'o wa Inyonga wamenishindwa, na daktari aliyesema simalizi masika nimemzika mimi. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kubwa, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka jana mtandao ulikatika, watu wakashindwa kutoa hela za benki kwa simu. Mwanangu Nashon, yupo hapa, ajifiche tu, akaandika kwenye kundi la wafugaji: "Benki imefilisika!" Mtandao ukarudi. Je, mlipanga foleni? Foleni gani! Nilikuta baraza la benki tupu, mlinzi anapiga miayo. Nikamuuliza Meneja, "Mbona shwari?"

Akasema, "Mzee, wanahamisha hela wakiwa Kasansa, wakiwa Litapunga, wengine kitandani. Hela nyingi tumewakopesha wakulima, haziko humu. Wote wakizitaka leo, tunaanguka."

Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya, na ndiyo maana nilimwamini.

Lakini ng'ombe wangu wote nilishauza, na hela yote ilikuwa mle. Nashon ananivuta shati: "Baba, toa, utakufa maskini!" Mimi huyu nifundishwe kukimbia? Nimechunga tangu utoto, na kundi likikurupuka nasimama mbele yake. Nikamwambia, "Washa simu, rekodi sauti yangu."

Nikasema: "Mimi Malale. Mnanijua. Kwenye harusi ya binti yangu niligawa soda nusu chupa. Niko ndani ya benki, hela yangu yote iko humu, na sitoi hata mia. Mkisikia nimetoa, ndipo mkimbie."

Nashon akaituma kwenye kundi. Kisha Sikujua wa Kasansa akajibu: "Kama bahili huyo kaziacha, mimi nani?" Wakaacha kutoa. Jioni wengine wakaanza kurudisha, na benki ikapumua. Nami nikapumua, jamani! Leo Meneja anatuaga milango ikiwa wazi.

Simu siichukii, inatufikishia hela hadi malishoni. Ila ikileta habari ya benki, njooni kwanza mwulize.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Asiyeamini amuulize Meneja, au Kasimu mlinzi. Mke wangu Nyanzala naye alikuwepo, kanishika mkono, lakini huyo msimuulize. Atawaambia mkono ulivyokuwa unatetemeka.