Felicitas Ciakuthii na Ukurasa wa Saba wa Kibali cha Kubomoa

Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, saa kumi na moja jioni, Madam Felicitas Ciakuthii atafunga droo yake, atachukua helmeti yake ya manjano kwenye msumari nyuma ya mlango, na kuiaga ofisi yetu ya vibali vya ujenzi na ubomoaji hapa mjini Meru. Atakuwa ameutumikia umma kwa miaka thelathini na minne na miezi kumi. Mimi, Muthamia, nimeketi naye chumba kimoja kwa miaka kumi na miwili kati ya hiyo, na ndiyo sababu kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Wangejua nitakayoyasema, wangempa mtu mwingine.

Madam Felicitas alizaliwa Ishiara mwaka 1963. Aliajiriwa mjini Embu mwezi Septemba 1988 akiwa karani wa masijala. Kazi yake ilikuwa kupanga ramani za majengo kwenye kabati, basi. Shida ni kwamba alizisoma. Baada ya miaka miwili wakubwa wake walikuwa wakimwuliza yeye nguzo fulani imekaa wapi, nao wana diploma ukutani! Wakaona aibu, wakampeleka chuo, akarudi akiwa inspekta wa majengo.

Siku hizo mafundi hawakuwa wamezoea kumwona inspekta mwanamke. Wengi walidhani ameleta chai. Madam hakubishana nao, alikunywa chai yao kwanza, akashukuru, kisha akapanda jukwaa la ujenzi hadi juu na kushuka na orodha ya makosa iliyojaa karatasi pande zote mbili. Alipoenda mara ya pili, walikuwa wamefunga mbao zao vizuri hata kabla hajashuka kwenye gari.

Jambo lililomfanya awe mtu tunayemjua lilitokea mwaka 1992. Kulikuwa na duka kuukuu lililokuwa likibomolewa, na kijana wa mjengo aitwaye Ndwiga alikuwa chumba cha nyuma akipiga ukuta nyundo. Sakafu ikafunguka, akazama hadi kifuani. Chini palikuwa na shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mbao na simiti nyembamba. Alitolewa akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini nyonga yake haikupona sawasawa. Madam alimtembelea hospitalini. Mamake Ndwiga akamwambia kwamba lile shimo majirani wote walikuwa wanalijua, hata muuza nyanya aliyekaa mbele ya duka alilijua, ila hakuna aliyewauliza.

Madam aliporudi ofisini aliketi kwenye taipureta. Ombi la kibali cha kubomoa lilikuwa na kurasa sita: mwenye jengo, mwanakandarasi na vyeti vyake, ilani kwa majirani, bima ya wafanyakazi, kukatwa kwa stima na maji, na mahali kifusi kitakapomwagwa. Yeye akaongeza wa saba. Ukurasa huo una swali moja tu, na nafasi ya majibu: ni nani aliyeona jengo hili likijengwa, na anasema kuna nini chini yake na ndani ya kuta zake? Majengo yetu mengi ya zamani hayana ramani, na zilizokuwepo zililiwa na panya. Lakini watu wapo.

Wakubwa walilalamika kwamba ukurasa ule haumo katika sheria. Madam akawajibu kwa upole kwamba haumo, ni kweli, wala hakuna sheria inayoukataza. Wakabishana naye mwaka mzima, wakachoka. Yeye hakuchoka.

Alihamishiwa Meru mwaka 2001, akaja na ukurasa wake, na hapo ndipo alipoanza mafunzo yake ya usalama. Amefundisha Maua, Muthara, Embu, Ishiara, popote palipo na ukumbi wa kanisa na viti. Hakuwahi kutumia projekta. Alibeba vikombe vya bati. Mwaka 2008, Ishiara, alimwita mbele mwanakandarasi Nyamu, ambaye sote tunamjua kwa sauti yake kubwa na suruali zake nyeupe. Madam alipanga vikombe sita kimoja juu ya kingine, cha juu kabisa akakijaza chai, akamwomba Nyamu aondoe cha chini. Nyamu akasema hiyo ni kazi ya mtoto. Haki ya Mungu, ile chai ilimpata kuanzia mkanda hadi magotini! Ukumbi ulicheka dakika tano nzima. Tangu siku hiyo hakuna mfanyakazi wa huko ambaye hajui kwamba kubomoa huanzia juu na kushuka, ukuta kwa ukuta, na kwamba mtu hasimami chini ya kile mwenzake anachokiangusha.

Kuhusu helmeti hakuwa na mchezo. Askofu mmoja alikuja kubariki kazi ya kubomoa kanisa kuukuu ili lijengwe jipya, akiwa na kofia yake ndefu ya ibada. Madam alimpigia goti, akambusu pete, halafu akamkabidhi helmeti. Ibada ilifanyika askofu akiwa na helmeti kichwani na ile kofia ndefu ikiwa imeshikwa na katekista. Nyumbani nako ni yale yale. Mume wake, Mwalimu Gitari, aliwahi kutaka kubomoa banda la mbuzi. Alijaza kurasa zote saba.

Sasa nifike pale ambapo kamati itajuta.

Niliajiriwa Aprili 2011. Kufikia mwisho wa mwaka nilijiona nimeiva. Madam alichukua likizo ya wiki moja kwa ajili ya harusi ya binti yake, iliyokuwa ifanyike Kianjai kwa kina bwana harusi. Jumatano akaja Nyamu na ombi la kubomoa ghala la zamani pale Muthara, lililojengwa mwaka 1966. Kurasa sita zilikuwa safi kabisa, zimepigwa mihuri yote. Wa saba ulikuwa mtupu. Nyamu aliniambia waliolijenga walishakufa wote, na vibarua wake tisa wameshalipiwa nauli, na eti mimi ni msomi, sina haja na mambo ya mama mzee. Nilitaka sana ionekane kwamba ofisi inaweza kwenda bila Madam. Nikatia sahihi. Hata muhuri niliupiga kwa nguvu.

Jumamosi tarehe 3 Desemba tulikuwa harusini karibu ofisi nzima. Tumetoka kanisani, tumeketi chini ya tenti, sahani za pilau zinakuja. Lydiah wa masijala, ambaye hana neno baya kwa mtu yeyote, akaanza kunisifu mbele ya Madam: jinsi nilivyofanya kazi vizuri, hata kibali cha Muthara nimekitoa mwenyewe, na ukurasa wa saba haukunisumbua. Madam aliweka kijiko chini. Aliuliza kazi inaanza lini. Nikasema imeanza asubuhi ile ile.

Hakunipigia kelele. Alikwenda kwenye gari la Mwalimu Gitari, akatoa helmeti yake kwenye buti, akasimamisha boda boda, akapanda na kitenge chake cha mama wa bibi harusi, na kuniashiria nitafute yangu. Njia nzima nilimwona mbele yangu, kilemba kiko mkononi kikipepea, helmeti kichwani. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo nisikute mtu ameumia.

Tulipofika Muthara walikuwa wameshaondoa mabati na mbao za paa. Vibarua tisa walikuwa ndani, wanajiandaa kuusukuma ukuta wa katikati uangukie sakafuni. Madam aliomba kiti kwa mwenye hoteli ya jirani, akakiweka mlangoni mwa ghala, akawatoa wote nje, kisha akaketi. Nyamu akapiga kelele, akaonyesha kibali, akaonyesha sahihi yangu. Madam akasema sahihi ameiona, na ataondoka pale kitini akishajua nani aliona jengo hilo likijengwa. Halafu akawageukia kina mama wa soko la hapo karibu, akawauliza.

Ilichukua dakika ishirini. Mzee Mutembei alikuwa ng'ambo ya barabara akifunga miraa yake kwa majani ya migomba, mahali anapokaa kila siku ya Mungu. Mwaka 1966 alikuwa na miaka ishirini, na ndiye aliyekuwa akichanganya simiti ya ghala lile. Nyamu alikuwa amepita mbele yake asubuhi na kumsalimia! Mzee alisema kwamba chini ya sakafu kuna tangi la maji ya mvua, kubwa kama darasa. Baadaye mwenye ghala alilifunika kwa mbao na simiti ya vidole vinne ili apate nafasi ya kupita na magunia. Magunia yaliwekwa kandokando tu, katikati hapakuwekwa kitu, na baada ya mwenye ghala kufariki hakuna aliyelitaja tena.

Madam aliagiza mtaimbo. Kibarua mmoja akasimama kizingitini, pale msingi ulipo imara, akapiga sakafu mara tatu mbele yake. Mara ya nne mtaimbo ulimponyoka mikononi, ukapotelea chini. Madam akaniokotea jiwe, akaniambia nilitie kwenye lile tundu. Nilingoja kusikia jiwe likigonga udongo. Nikasikia maji.

Nyamu alikaa chini kwenye rundo la mabati, suruali nyeupe na vyote. Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kulisema. Madam alinipa kalamu na ule ukurasa mtupu wa kibali cha Nyamu, akaniambia nimwulize kila kibarua jina lake na kuliandika upande wa nyuma. Niliandika majina tisa. La mwisho halisomeki vizuri hadi leo.

Kisha Madam akapanda boda boda, akarudi Kianjai na kukuta keki haijakatwa. Picha ya familia ipo ukutani kwake hadi leo: bibi harusi, bwana harusi, Mwalimu Gitari na tai yake, na mama wa bibi harusi amejaa vumbi na helmeti ya manjano kichwani. Alikuwa ameisahau, na mpiga picha alimwogopa.

Jumatatu aliandika ripoti ya kweli tupu. Nilipata barua ya onyo, nami nilistahili. Adhabu yake mwenyewe ilikuwa nyingine: katika kila mafunzo baada ya siku hiyo nilitakiwa kusimama, kuyasoma yale majina tisa na kueleza habari za jiwe. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nikitamani ardhi inimeze. Sasa nikikosa kupewa nafasi hiyo naulizia. Nyamu naye hubeba vikombe vya bati kwenye gari lake na huwafundisha vibarua wake mwenyewe, ingawa chai haweki.

Tangu 2011 ofisi yetu imetoa vibali vya kubomoa mia nne na zaidi, na kila kimoja kina ukurasa wa saba uliojazwa. Kupitia ukurasa huo tumepata visima sita, matangi mawili, mashimo ya choo yasiyo na idadi, na bomu moja la zamani la kivita ambalo Madam alilizungushia kamba na kulilinda kwa mbali kwa saa nne hadi wataalamu walipofika. Hakuna kibarua tuliyemzika. Hilo ndilo tunalomshukuru kwalo kuliko mengine yote, na tungemshukuru kila siku kama angetupa nafasi, lakini ukianza kumsifu anakuuliza helmeti yako iko wapi.

Wanane kati ya wale tisa wa Muthara wamethibitisha kwamba watakuja kwenye sherehe na familia zao. Wa tisa yuko kazini Maua na ameomba awekewe pilau. Mzee Mutembei, ambaye sasa ana miaka sabini na saba, ndiye atakayemkabidhi zawadi.

Limebaki jambo moja. Bawa la nyuma la jengo letu, lile lenye nyufa, litabomolewa mwezi ujao ili tujengewe jipya. Kazi hiyo amepewa Nyamu. Wiki iliyopita aliniletea ombi, kurasa zote saba, na safari hii alikuwa ameanza kuujaza wa mwisho. Kila aliyehusika na ujenzi wa bawa hilo mwaka 2002 amehama au amefariki, isipokuwa inspekta mmoja aliyekuwa akitoka nje na chai yake kila asubuhi kuwatazama mafundi wakichimba msingi. Nyamu ameandika jina moja kwa herufi kubwa: FELICITAS CIAKUTHII. Nafasi ya maelezo ameiacha wazi, kwa sababu maelezo ni ya aliyeona. Muhuri sasa uko kwangu. Kibali hicho sijakitia sahihi, na sitakitia hadi aliyeona aje aijaze nafasi hiyo.

Madam, asante. Asante kwa Ndwiga, kwa wale tisa, na kwa kijana mjinga aliyepiga muhuri kwa nguvu. Nenda Ishiara ukapumzike, uvune ndengu zako, na mbuzi wa Mwalimu Gitari walale kwa amani. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye raha, yaanze Jumanne tarehe 18 Julai. Jumatatu ya tarehe 17, saa mbili asubuhi, tunakuhitaji hapa nyuma, na usisahau helmeti.