Mtoto wa Kwenye Nyasi Ndefu

Ti-ri-ri-liing! Usiku wa manane, na sauti inatokea pale pale alipolala mwanangu Alen, nikamfunua, nikampapasa, kumbe ni kile kikoti nilichomfunikia, kinene kama godoro, nimekinunua jioni ile ile, na chini ya bitana kuna mfuko sikuuona, ndani yake kitu, amekilalia kikawaka. Kikoti ni cha mtumba. Wazee wetu bado wanauita mtumba kafa Ulaya, nguo ya marehemu, na mama mkwe wangu Bi Secilia aliapa haitaingia nyumbani mwake, akiiona anaichoma. Nikamdanganya ni kipya, cha dukani Tanga. Ungefanyaje? Ni Julai, Lushoto, mtoto kifua kinakoroma, kikoti kingine hana. Kulipokucha nikambeba Alen mgongoni na kikoti chake, nikakimbilia kijiweni kona ya soko ninapouzia kashata, na kashata zenyewe nikazisahau. Alikuwepo Mzee Abdallah na birika lake la kahawa, na Ripoti na redio yake mkononi, ambaye habari haimpiti, na Mkonge, mrefu mwembamba, aliyerudi kijijini shamba la mkonge lilipofungwa. Ukungu umejaa mpaka miguu ya benchi haionekani, tumekaa kama watu waliokaa hewani. Nikakiweka kile kitu katikati yao.

– Zima hicho, alisema Mzee Abdallah. Kinatuangalia.

– Ni taa tu, mzee. Ni gemu, kuna maandishi ya Kiingereza, ngoja niwasomee.

Kidato cha nne nilimaliza, nikawasomea. Kuna mtoto ana kofia, jina lake Robin, anatembea kwenye nyasi ndefu. Humo nyasini wanatoka viumbe, anawakamata, anawafungia kwenye mipira midogo, halafu anawapiganisha na wa wenzake. Anao sabini na mmoja.

– Sabini! Mkonge akapiga paja. Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba cha majini hicho, alisema Mzee Abdallah. Siku hizi kila kitu ruksa. Zamani jini alikaa kwenye chupa, na kizibo juu. Sasa wamempa betri.

– Mzee, jini gani ana mkia wa namna hii? Ripoti akasogea. Sikilizeni. Redio ilisema vinyonga wetu wa Usambara wanapandishwa ndege kwenda Ulaya. Mmeshajiuliza wanafanywa nini huko? Wanaliwa? Basi ndio hawa! Wanapunguzwa miili, wanaingizwa humu, wanapigana.

Mkonge hakucheka. Mwaka juzi alikuwa akiokota vinyonga kwa tochi, kuna bwana alikuja kuwachukua na gari. Akainama mpaka pua ikagusa kioo.

– Yunis. Mrudishe huyo aliyepita.

– Yupi?

– Mwenye pembe mbili! Huyo ni wangu! Nilimtoa mwenyewe kwenye mti kule Magamba, akaniuma hapa, ona kovu.

– Kinyonga wako alikuwa anatema moto? Ripoti akauliza.

– Kwetu baridi ilimbana. Huko amepata nafasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Apone nini, Mkonge, na unaona mwenzake anaungua?

Wakacheka, mimi sikucheka, mimi nilitaka neno moja tu, nikawaambia, wazee wangu, niambieni, mwenye kikoti yu hai au amekufa? Maana mwanangu analala ndani yake.

– Amekufa, alisema Mzee Abdallah, polepole, kama anayemimina. Mtu mzima wa afya haachi viumbe sabini.

– Yu hai, alisema Mkonge. Angekufa, wangetoroka.

– Hayupo huku wala huko, alisema Ripoti. Kaingia humo humo. Huyo mwenye kofia ndiye yeye.

Nikataka kumvua Alen kikoti pale pale, na mtoto akakohoa, mkono ukasita.

– Onga makeo, sauti ikatusalimu kwa Kisambaa kutoka kwenye ukungu.

Mama mkwe. Kabeba sinia la kashata zangu.

– Shikamoo, mama, nikasema. Wanaume nao wakafuata, mmoja mmoja, kama darasani.

– Marahaba. Umesahau hizi. Akaweka sinia. Akatazama kikoti, akatazama benchi. Kumbe hiki ndicho kilicholia usiku.

Nikaanza kuzipanga kashata. Akakichukua kile kitu benchini, akakisogeza karibu na macho, taa yake nyekundu ya betri ilishaanza kufifia.

– Katoto haka kanafanya nini porini peke yake?

– Kanakamata vinyonga, mama, alisema Mkonge.

– Na betri ikiisha, katalala wapi?

Ripoti akaangalia redio yake. Mzee Abdallah akainamisha birika, likatoa tone moja, na la pili halikuja.

– Yunis, wewe umesoma. Kapeleke kwao.

Nikabonyeza, nikamtoa Robin kwenye nyasi, akapita uzio, akapita mti, nyumba ya kwanza imefungwa, ya pili mlango ukafunguka. Ndani kuna mwanamke amekaa mezani. Nikamsogeza Robin mpaka mbele yake. Maneno yakatokea, wimbo mfupi ukalia, kama mtu anayebembeleza akiwa mbali, halafu kioo kikafa.

– Mama yake amesemaje?

– Amesema umerudi, mwanangu, umechoka, pumzika.

– Basi. Kamefika.

Akaipandisha kola ya kikoti mpaka kwenye masikio ya Alen, kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akanivuta pembeni, ukungu ukatufunika, akafungua kitenge chake kidogo tu. Ndani, sweta nzito ya Kizungu, ina paa wawili kifuani.

– Tangu mwaka jana, alisema. Mgongo wangu haujui marehemu, unajua baridi. Mumeo Fanueli asisikie, anaringa mtaani kwamba mama yake havai kafa Ulaya.

– Simwambii, mama.

– Wala hawa wa kahawa.

– Wala hawa.

– Apa.

Nikaapa, mkono juu ya mgongo wa Alen, na kiapo nimekitunza mpaka leo, nimekuambia wewe tu, na baada yako simwambii mtu mwingine.