Derek Ollerenshaw na Kanda Iliyokimbia

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mashabiki wa kanda yake ya muziki mliosafiri kutoka mbali, wengine hata kutoka Hamburg, mimi ni Maureen, mdogo wake Derek, na familia imenipa kazi ya kusoma ingawa Susan binti yake ana sauti nzuri kuliko yangu. Karatasi hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu, kwa hiyo nikikosea mstari msinihurumie, sijatulia na sitajifanya nimetulia, maana kuna jambo lazima lisemwe kabla jeneza halijatoka, na linamhusu mtu aliyekaa safu ya tatu, Norman Haslam.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 hapa Rochdale, mtoto wa kwanza wa Harold na Edna Ollerenshaw, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha pamba alichofanya kazi mama yetu, na mimi nikamfuata miaka miwili baadaye. Alikuwa mtoto asiyeweza kuona kitu kinachozunguka bila kukifungua, akiwa na miaka sita aliifungua saa ya ukutani ya bibi, na bibi hakujua tena saa za kunywa dawa mpaka siku anakufa.

Alianza shule ya msingi Septemba 1949, akaingia sekondari 1955, akaacha Julai 1959 akiwa na miaka kumi na mitano, kama walivyoacha wengi wetu, akaenda kujifunza ufundi wa mashine za kusokota nyuzi kwenye karakana iliyokuwa chini ya reli. Huko ndiko alikokutana na Norman, aliyelingana naye umri, wakagawana benchi moja, kopo moja la mafuta na pai moja ya nyama kila Ijumaa, na mama alikuwa akisema amezaa watoto wawili lakini anafua nguo za watatu.

Mwaka 1964 Derek alinunua kinasa sauti cha kubeba, cha betri, na siku ya Jumamosi, tarehe 21 Novemba, kundi la The Ropewalkers, vijana wanne wa Salford, lilikuja kupiga kwenye ukumbi wetu wa dansi. Ninyi mliozaliwa baadaye mnaijua sauti ile kwenye rekodi, lakini rekodi zilipikwa studio na watu waliovaa tai, ukumbini ilikuwa kitu kingine kabisa, spika zilikuwa kubwa kama makabati, besi ulikuwa huisikii kwa masikio, unaisikia kifuani na kwenye meno, sakafu ilikuwa inadunda, wasichana tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na mpaka Jumatatu kiwandani nilikuwa nazungumza na watu kwa kuwatazama midomo. Derek alijua kelele zetu zitafunika muziki, basi alikifunga kipaza sauti kwenye mpini wa ufagio, Norman akasimama pembeni ya jukwaa akiuinua mpini huo karibu na spika kwa dakika arobaini, huku Derek amepiga magoti sakafuni na mashine yake, na kwenye nyimbo mbili za mwisho Norman alianza kucheza dansi na ufagio wake mkononi, hakuweza kujizuia, na nani angeweza?

The Ropewalkers walivunjika mwaka 1966, wakaacha santuri ndogo tatu tu za studio, na ile kanda aliyonasa Derek ikawa ndiyo sauti pekee ya jukwaani waliyoacha duniani. Humo walipiga kwa kasi ya ajabu, na sauti ya mwimbaji ilikuwa juu sana, karibu na kulia, na mashabiki wakapenda hivyo hivyo, Derek akawatumia nakala watu wa Leeds, Uholanzi na Japani, zikatokea bendi changa zilizojifunza kupiga kwa kasi hiyo mpaka vidole vikavimba, na kaka yangu, fundi asiye na shahada yoyote, akawa mtu anayeandikiwa barua na watu wasiomfahamu.

Tarehe 6 Mei 1967 alifunga ndoa na Jean Butterworth katika kanisa hili, Norman akiwa msimamizi wake, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Susan aliyezaliwa 1969 na Graham aliyezaliwa 1972. Jean alituacha mwaka 2011, na alikuwa mwanamke mvumilivu, maana kwa miaka arobaini na minne alikunywa chai yake katikati ya makopo ya kanda.

Sasa nafika Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 1978, kwenye mkutano wa mashabiki uliofanyika ghorofani kwenye baa, watu kama themanini, mimi nikiwa kwenye meza ya nyuma napaka siagi mikate. Derek alicheza kanda, watu wakapiga makofi, kisha Norman akasimama na kusema kwa upole, "Derek, bwana, hawakuwa wanapiga mbio namna hii, mimi nilizicheza zile nyimbo, kwa kasi hii mtu angevunjika goti, labda betri zako zilikuwa zimechoka." Derek akawa mwekundu mpaka shingoni, akajibu mbele ya wote, "Betri niliziweka mpya mimi mwenyewe, na wewe ungejuaje, ulikuwa kwenye foleni ya chai!" Watu wakacheka sana, Norman akachukua koti lake akashuka ngazi, na tangu siku ile kila alipoonekana kuna mtu alimpigia kelele, "Norman, wahi, chai inapoa!" Baadhi yenu mliomwita hivyo mmo humu ndani, na mnajijua.

Derek alisema uongo, kwa sababu alijua ni nani aliyeshika ufagio. Lakini kuhusu betri hakusema uongo, aliziweka mpya kweli, saa nane mchana siku ile ya dansi, akaenda kuoga, na mimi nikachomoa nne kati ya sita nikazitia kwenye redio yangu, kwa sababu nilitaka kusikiliza ile stesheni iliyokuwa ikirusha muziki kutoka melini wakati napiga pasi gauni, maana redio ya serikali ilikuwa inatupimia muziki kwa kijiko. Kwenye kinasa sauti nikarudishia zile nne kuukuu za redio, nikafunga mfuniko. Betri zikichoka kanda hujivuta polepole wakati wa kunasa, na ukiicheza baadaye kwenye mashine yenye nguvu, kila kitu kinakimbia na kila sauti inapanda. Hili nililijua palepale kwenye baa, kisu cha siagi mkononi, na nikaendelea kupaka mkate. Derek na Norman walikaa mitaa miwili tu mmoja kutoka kwa mwenzake kwa miaka arobaini, wakikutana kwenye duka la nyama kila mmoja anatazama soseji, na mimi nikakaa kimya, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa sababu ile kanda ndiyo ilikuwa furaha yake, baadaye kwa woga tu.

Karakana ilifungwa 1981, Derek akawa fundi wa shule ya ufundi mpaka alipostaafu Februari 2004, na mapafu yake yaliyokula vumbi la pamba tangu utoto yalianza kumsumbua mwaka 2016. Tarehe 14 Januari mwaka huu alipata barua kutoka kwa fundi wa sauti wa chuo kikuu aliyeipima kanda. Barua ilieleza kwamba spika za ukumbi zilikuwa na mngurumo mdogo wa umeme wa ukutani, mngurumo ambao nchi nzima una kiwango kimoja, na kwenye kanda ya Derek umepanda juu ya kiwango hicho, kwa hiyo kanda inakimbia, maana yake Norman alikuwa amesema kweli.

Derek aliisoma mara mbili kitandani, akaniambia, "Mo, la foleni ya chai nilimsingizia, hilo nalijua na limenikaa hapa kooni, ila la betri silielewi, niliziweka mpya kwa mkono wangu." Mimi nilikuwa naosha kikombe, nikaendelea kukiosha, kikombe kisafi kile. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, bila kuambiwa. Kwa hiyo nakwambia sasa, kaka, mbele ya watu, nilizichukua mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani mliopeana zamu ya kumpikia, mafundi wenzake wa karakana na wa shule, na mashabiki wote mliomwandikia mpaka wiki ya mwisho.

Na Norman, kwako sina shukrani inayotosha, nina deni la maneno. Derek alikuita. Alikuita mara tatu mwezi Februari, aliniambia, "Kamlete Norman, nataka nimwombe radhi nikiwa bado na pumzi ya kusemea," na mara tatu nilimwambia una mafua, kwa sababu nilijua mkikaa pamoja mtaanza na betri. Hukuwa na mafua. Nilikuona sokoni umebeba viazi, mzima kabisa, nikavuka barabara.

Derek, lala kwa amani, wewe ulitaka kuomba radhi na nia yako imefika, imechelewa kwa sababu yangu. Mimi nashuka hapa sasa hivi naenda safu ya tatu, na kama Norman hatanipa mkono, sitamlaumu.